Malai ya konfleksi, nilivyofanya yasiwe uji

Jamani haya malai ya konfleksi, yaani barafu za maziwa zenye konfleksi (vile vipande vikavu vya mahindi vya kula na maziwa), yamenitesa wiki nzima, natia konfleksi kwenye maziwa na sukari namimina vikombeni natia friza, asubuhi juu barafu gumu kama jiwe chini uji, mwanangu kaonja akanambia mama mbona kama mkate ulorowa. Kumbe konfleksi zinakunywa maziwa kabla hayajaganda.

Sasa naziroweka nusu saa kwenye maziwa ya moto yenye hiliki, nachuja (makapi wanakula kuku), natia tui zito, mafuta yake ndo yanalainisha, na sukari nazidisha kidogo. Konfleksi nyengine nazikaanga kwa samli, zikipoa nazivunjavunja namwagia juu wakati wa kula, samli inazuia zisirowe upesi. Jana vikombe kumi vyote vimeisha kabla ya magharibi.