Siku moja maishani mwangu: natafuta koti jeusi

Saa 1:30 asubuhi

Chumba cha maonyesho bado kina giza, na ndivyo nikipendavyo. Runinga 12 ziko kimya ukutani. Naziwasha moja moja, maana nataka kuona kila moja imeamkaje. Ile ya pembeni ina tabia ya kujirudishia hali ya duka: mwangaza hadi mwisho, rangi zimekolezwa, na nyeupe imetiwa buluu mpaka shati la mtangazaji linaonekana kama limetoka kwenye beseni la buluu ya kufulia. Nairekebisha. Najua baada ya dakika chache itarudi kule kule. Tumezoeana.

Kazi yangu ni kuchagua vipande vya filamu vya kuonyeshea ubora wa picha. Diski huanza na onyo kwamba ni za kutazama nyumbani, kwa hiyo duka letu lina kibali cha kuonyesha vipande. Nikimweleza mtu kazi hii hucheka: kumbe unalipwa kutazama filamu? Nalipwa kutazama dakika mbili zile zile mara mia. Hadithi nyingi sijui ziliishaje.

Saa 2:15

Bosi ameingia na habari. Kuna runinga mpya ya inchi 65 ya OLED, ile aina ambayo kila nukta ya picha hujiwakia yenyewe, na anataka mzunguko mpya wa vipande uwe tayari kabla ya saa kumi. Anataka kasuku, maua, na samaki wa kwenye matumbawe.

"Kizuri chajiuza," ananiambia.

"Kasuku anapendeza hata kwenye runinga mbovu, bosi."

Ugomvi wetu wa kila mwezi ndio huo. Kipande kinachopendeza kwenye skrini zote 12 hakimsaidii mteja kuchagua hata moja. Atasimama, atageuza shingo kulia na kushoto, kisha atachukua inayong'aa kuliko wenzake. Mimi natafuta picha ambayo runinga dhaifu itashindwa nayo, na ishindwe mbele ya macho yake. Bosi anasema hiyo si biashara, ni mtihani. Hajakosea sana.

Saa 3:00

Nakaa na sanduku la diski. Filamu ya 4K, yenye nukta za picha mara nne ya HD kamili, ikija kwa intaneti hubanwa hadi megabiti 15 au 25 hivi kwa sekunde. Diski ya 4K hubeba hadi gigabaiti 100, na picha ikiwa na fujo nyingi inaweza kupita megabiti 100 kwa sekunde. Mtu akiwa amekaa anaongea, tofauti huioni. Subiri mvua inyeshe, au vumbi litimke, au moshi ujaze chumba: hapo picha iliyobanwa sana humeguka ikawa viraba viraba. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila filamu ni kama ina moshi.

La pili ni kama 4K yake ni ya kweli. Jalada halitakwambia. Filamu nyingi za miaka ya 2010 zilikamilishwa kwa 2K, karibu robo tu ya nukta za 4K, kisha zikakuzwa zijaze pikseli (nukta za picha) 3840 kwa 2160. Siwalaumu waliozitengeneza, na baadhi zinapendeza mno kwa mwangaza na rangi zake, ila ukitaka kumwonyesha mtu nyuzi za kitambaa utazitafuta usizipate. Wakati huo huo kuna kongwe zilizopigwa kwa ukanda mpana wa milimita 65 ambazo zinaziaibisha mpya. *Lawrence of Arabia* ni ya 1962. Kuna kile kidoto cheusi kwenye upeo wa jangwa, kinatetemeka ndani ya mazigazi, kinakua polepole mpaka kinakuwa mtu juu ya ngamia. Kwenye runinga nzuri unakiona kidoto mapema kabisa. Kwenye mbovu, ngamia anaonekana kama ameletwa na jini.

Nina pia *Baraka*, ya 1992, filamu isiyo na mazungumzo hata neno moja (na ambayo jina lake halihitaji kutafsiriwa kwetu). Nayo ilipigwa kwa milimita 65, na ukanda wake uliskaniwa kwa 8K kwa ajili ya Blu-ray iliyotoka 2008. Diski yangu ni hiyo Blu-ray ya kawaida, HD kamili, wala si 4K. Naiweka makusudi katikati ya mzunguko. Wateja huinyooshea kidole na kusema, "Ile ndiyo 4K hasa." Nanyamaza.

Swali la tatu ndilo linalonilia muda: giza lake likoje? Picha ya zamani isiyo ya HDR (yaani isiyo na masafa mapana kati ya giza na mwanga) iliandaliwa kwa mwangaza wa niti 100 tu; niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini. Filamu za HDR kwa kawaida huandaliwa kwa kilele cha niti 1000, nyingine 4000, na runinga isiyofika huko lazima ikunje mwangaza iutoshee. Inapokunja vibaya, mawingu yanayozunguka jua huyeyuka yakawa doa jeupe. Huo ndio upande ambao kila mtu anauona. Upande wa chini, karibu na weusi, ndiko kazi ilipo. Uso wa mtu mweusi ndani ya chumba chenye mshumaa mmoja, kwa mfano. Kati ya shavu na kivuli cha shavu kuna ngazi nyingi za kahawia, na runinga isiyoweza kuzishuka taratibu inaruka: unaona mistari shavuni kana kwamba amechorwa kwa mkaa. Picha ya biti 10 ina ngazi 1024 kwa kila rangi ya msingi, badala ya 256 za biti 8. Kasuku hazihitaji zote hizo. Uso ule unazihitaji.

Kuhusu mwendo nimetenga diski mbili tu. *Gemini Man* ya 2019 ipo kwenye diski kwa fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde, na bosi anaipenda kwa ulaini wake. Mimi naiogopa kidogo, kwa sababu karibu filamu zote ambazo mteja atatazama nyumbani ni za fremu 24. Nimeongeza kipande cha fremu 24, kamera ikipita taratibu mbele ya uzio wa mbao. Runinga iliyoachiwa kulainisha mwendo hupindisha zile mbao kama zimelowa maji.

Saa 5:00

"Dada, njoo uone." Fundi wetu amesimama mbele ya ile runinga mpya. "Mbona pale juu haiandiki HDR?"

Tumebadilisha kebo. Tumeingia kwenye mipangilio tukakagua kama tundu la HDMI limeruhusiwa kupokea picha kamili; limeruhusiwa. Tumezima, tumewasha. Kisha fundi akaufuata ukuta hadi mwisho, akajishika kiuno. Jana alichomeka runinga ndogo ya HD kamili kwenye kile kifaa kinachogawa picha kwa runinga zote, na kifaa kikateremsha picha ya wote ili kilingane na yule mnyonge.

Maana yake, tangu asubuhi ukuta mzima ulikuwa unaonyesha HD bila HDR. Bosi alipita pale akaipigia makofi 4K. Nami nilipita mara tatu na diski mikononi.

Nimejitetea kwa hesabu. Kwa jicho la kawaida, ukiwa mita mbili na nusu hivi kutoka kwenye inchi 65, unakaribia mpaka ambapo pikseli za HD kamili hazitenganishiki tena, seuze za 4K ambazo ni mara nne kwa wingi. Sisi tunapita mita tatu kutoka ukutani. Utetezi huo ni wa nusu tu, kwa sababu HDR haina umbali: jua la jangwa lilikuwa limefifia na nilipaswa kuliona. Fundi hakusema kitu. Amechomoa ile ndogo, ukuta ukapepesa kidogo, na jua likarudi.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Nimekaa chumba ambacho hakina skrini.

Saa 8:30

Ameingia mzee mmoja, mpole, mikono nyuma. Amewapita kasuku bila kugeuka.

"Mwanangu, unaye mtu aliyevaa nyeusi?"

Nilimwomba arudie. Akaniambia yeye ni fundi cherehani, ameshona suti nyeusi umri wake wote, na runinga yake ya nyumbani inamkera kwa sababu kila mtu mwenye suti anaonekana kavaa gunia. Nikampeleka chumba cha ndani chenye pazia. Nikaweka kipande ambacho nilikuwa nimekiacha pembeni: mtu amevaa koti jeusi, usiku, anapita chini ya taa ya barabarani.

Kwenye runinga ya kwanza alitikisa kichwa. "Gunia."

Ya pili ni LCD yenye taa za nyuma zinazojipunguza kwa maeneo. Alisogea. "Vifungo navipata. Lakini mbona taa ina ukungu?" Ana haki. Maeneo yale ni machache kuliko pikseli milioni nane zilizo mbele yake, kwa hiyo mwanga wa taa humwagikia kwenye giza la jirani. Kwenye OLED kila pikseli huzimika peke yake. Alipofika hapo alitoa mfukoni kipande cha kitambaa cheusi akakishika kando ya skrini, akatazama huku na huku kwa muda mrefu kiasi kwamba kipande kilijirudia mara nne.

"Hapa kuna bega," alisema. "Na aliyeshona mkono huu alikuwa na haraka."

Ningeweza kumuuzia pale pale. Nikamuuliza sebule yake ikoje. Ina dirisha kubwa upande wa pili wa runinga, pazia jepesi, na hutazama zaidi mchana. Basi nikamwambia ukweli: mchana, bega lile litamezwa na taswira ya dirisha lake mwenyewe, na ile LCD ya pili yenye mwangaza mkali huenda ikamfaa zaidi. Akacheka. "Kwa hiyo nibadilishe runinga au pazia?" Akasema atakwenda kushauriana na mama watoto. Bosi alikuwa mlangoni na alisikia yote.

Saa 10:00 jioni

Bosi amekaa kutazama mzunguko. Kasuku amebakizwa, sekunde 40, hiyo ni haki yake. Ngamia amepita. *Gemini Man* imepita. Kwenye uzio alikunja uso, akaelewa, akakaa kimya.

Filamu pana ndizo zilizoleta maneno. Picha ya 2.39 kwa 1 (upana kwa kimo) huacha karibu robo ya skrini kwenye mistari myeusi ya juu na chini, na bosi ana hakika mteja atadhani runinga imekatwa. Nikamwonyesha kwamba mistari ile ni kipimo cha bure: ikionekana ya kijivu, umeshajua weusi wa runinga hiyo ukoje. Hakuridhika. Tukakubaliana picha pana zisizidi mbili.

Likaja koti.

"Hii ni giza tupu. Watadhani imezimwa."

"Ndani tu, bosi. Nyuma ya pazia."

Akatazama mara ya pili. "Yule mzee alipata nini humo?"

"Bega."

Ameniachia, lakini ukuta wa mbele ni wa kasuku.

Saa 12:30 jioni

Duka limefungwa. Nikikusanya rimoti kwenye chumba cha ndani nimekuta kile kitambaa juu ya meza, mzee amekisahau. Nimekibandika kwa gundi ya karatasi ukutani, sambamba na ukingo wa OLED, nikarudisha kipande mwanzo na kuzima taa za chumba. Kitambaa kikapotea, na ukingo wa runinga ukapotea nacho. Ikabaki taa ya barabarani ikielea hewani, na chini yake mtu akaanza kuja na koti lake.