Betri ya roboti: pima ampea kwanza, volti baadaye

Ushauri wa "weka betri ya volti 9, inatosha" umeenea mno, na ndio ulionipotezea muda kuliko kitu kingine chochote kwenye roboti hii: mota mbili za njano zenye gia, bodi ya L298N ya kuziendesha, na bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo inayobeba programu.

Ikiinuliwa juu, magurudumu yanazunguka vizuri. Ikitua sakafuni, taa ya bodi inazimika, inawaka, roboti inashtuka kidogo, inazimika tena. Programu niliiandika upya mara mbili bure. Multimita, kipima umeme, ndiyo iliyosema kweli: betri ikiwa peke yake, volti 9.3, mota zikianza kusukuma, chini ya 5. Ile betri ya mstatili ina seli sita ndogo ndani, na ukinzani wake wa ndani ni ohm 1 hadi 2 ikiwa mpya, kisha hupanda kadiri inavyotumika. Ukivuta ampea 2, volti 2 hadi 4 zinapotelea humo humo. Uno inataka volti 7 kwenye tundu lake la umeme. Zikishuka sana, inajiwasha upya.

Kipimo kilichonipa jibu ni hiki. Hamishia waya mwekundu wa multimita kwenye tundu la ampea 10, uiunge mfululizo na mota moja kwa volti 6, kisha shika gurudumu lisizunguke. Sekunde moja au mbili tu, maana mota iliyobanwa huungua. Ikizunguka bure ilivuta ampea 0.16, iliposhikwa, 1.5. Mota yoyote inayoanza kutoka kusimama huvuta hivyo hivyo kwa kitambo, kwa hiyo mota mbili zinadai ampea 3. (Ukimaliza rudisha waya mahali pake. Ukipima volti ukiwa bado kwenye tundu la ampea, umepiga shoti.)

Betri nne za AA za alkali ziliondoa kuzimika, lakini L298N hula karibu volti 2, kwa hiyo kati ya 6 mota zilibakiwa na 4. Roboti ilitambaa.

Zilizofaa ni sita za NiMH (nikeli, za kuchajiwa), AA, za mAh 2000, yaani ampea 2 kwa saa moja: volti 7.2, na ukinzani mdogo sana. Sakafuni roboti nzima huvuta kama ampea 0.65, kwa hiyo nahesabu saa mbili na nusu, si tatu. Angalia na kikasha cha betri: springi nyembamba na waya mwembamba hupoteza volti vilevile. Ukigusa springi baada ya dakika kumi ikawa ya moto, badilisha.

Seli mbili za lithiamu za 18650 (jina la ukubwa wake) ni nyepesi zaidi, takriban gramu 95 dhidi ya 170, ila zinadai saketi ya ulinzi na chaja inayosimama kwenye volti 4.2 kwa kila seli, na zisishuke chini ya 3. Kama huna hivyo viwili, baki na NiMH.