Riwaya Mpya ya Fantasia Mkononi mwa Mwamini

Bwana asifiwe, wapendwa. Masomo ya juma hili: Waamuzi 9:7-15, Matendo 17:22-28, Matendo 19:18-20.

Kijana anapopata riwaya mpya yenye majoka, wafalme wa kale na milango ya kuingilia nchi nyingine, swali huzuka: aliyeokoka anaweza kuifurahia? Hapa Uganda swali hilo si la mzaha. Njia ya kwenda kwa mganga inajulikana, na katika makusanyiko yetu wapo waliotolewa huko. Basi asichekwe ndugu anayeshtuka akiona neno "uchawi" kwenye jalada.

Huko Efeso, waliokuwa wakitumia mambo ya uganga walikusanya vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, na thamani yake ikawa vipande 50,000 vya fedha. Wengi wetu husimama hapo. Lakini sura mbili nyuma Paulo yuko Athene, anahubiri kwa kunukuu mshairi wa kipagani: "Maana sisi sote tu wazao wake." Maneno hayo yamo katika shairi la Arato, mtu wa Kilikia kama Paulo mwenyewe, na anayesifiwa mle ni Zeu, mungu mkuu wa Wayunani. Paulo aliyajua. Vya Efeso vilikuwa vitabu vya kutendea kazi, maneno ya kutamka ili jambo litokee. La Arato lilikuwa shairi la kusomwa, likapimwa, na kilichofaa kikatumika. Kitabu kinachomfundisha msomaji kuita pepo au kupiga ramli ni cha Efeso, hata kikiitwa riwaya.

Na Biblia yenyewe haiogopi bunilizi. Juu ya mlima Gerizimu Yothamu anasimulia miti inayotafuta mfalme. Mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu unakataa. Mti wa miiba unakubali na kuikaribisha mingine ijifiche kivulini mwake. Kivuli gani? Mchongoma una kivuli cha kumfunika nani? Ni rahisi kuwaza watu wa Shekemu wakitabasamu, kisha wakimkumbuka Abimeleki waliyemtawaza, na tabasamu likifa.

Kwa hiyo ukipata riwaya mpya, usihesabu wachawi waliomo. Uliza nguvu zao zinatoka wapi, nani anazilipia, na mwandishi anataka tumpende nani. Mchawi anayepewa ushindi bila gharama, huku wanyonge wakidharauliwa, ni hatari kuliko joka lolote. J. R. R. Tolkien, Mkatoliki mwenye imani thabiti, alijaza vitabu vyake viumbe vya ajabu, na ndani yake mwenye kushinda tamaa ya mamlaka ni mkubwa kuliko mwenye mamlaka.

Sasa dukani. Fantasia nyingi hutoka kwa mfululizo, na wanaokata tamaa mara nyingi walianzia kitabu cha pili bila kujua. Tazama namba kwenye mgongo wa kitabu, au ile orodha ya vitabu vya mwandishi kwenye kurasa za mwanzo. Kama ni cha mtumba, kifungue katikati taratibu: gundi ikilia, kurasa zitaanza kutoka. Kagua namba za kurasa, hasa za mwisho. Kurasa hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16 au 32, hivyo fungu likikosekana unapoteza sura nzima, si karatasi moja. Kisha soma ukurasa wa kwanza na mmoja wa katikati wenye mazungumzo. Mwisho wa hadithi usiuguse.

Kurasa 50 za mwanzo ndizo ngumu, kwa sababu majina ya watu, miji na koo humiminika pamoja. Weka kipande cha karatasi kiwe alama ya ukurasa, uandike humo kila jina na neno moja: "dada wa mfalme", "msaliti?". Ramani ikiwepo, irudie kila safari inapoanza. Kurasa 20 kila jioni zinamaliza kitabu cha kurasa 400 kwa siku 20. Neno la Mungu lisomwe kwanza. Likiachwa la pili, riwaya tamu italimeza bila kelele.

Kuna kosa jingine, nalo ni la wacha Mungu: kulazimisha kila mti uwe msalaba na kila simba awe Bwana. Hadithi hukauka. Isome kwanza kama hadithi, ucheke, uogope, ushangae. Daudi alimkasirikia yule tajiri wa hadithi ya nabii Nathani, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake, kabla Nathani hajamwambia kuwa tajiri huyo ni yeye mwenyewe.

Wenye watoto, someni kwa sauti, sura moja kwa usiku mmoja, na mzazi aipitie sura hiyo kabla. Mtoto wa miaka saba akiogopa, usikatishe katikati ya hatari, maana atalala nayo; fika mahali ambapo mhusika amepata hifadhi ndipo ufunge. Kesho yake mwulize kwanza alimpenda nani, ndipo umwulize kwa nini, na majibu yake yataonyesha mahali pa kuanzia maombi.