Nilivyozimudu sindano za IVF nikiwa na endometriosisi

Endometriosisi ni tishu inayofanana na ya ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, na kwangu ilileta uvimbe kwenye ovari. Katika IVF, mayai huvunwa, hutungishwa maabara, kisha kiinitete hurudishwa tumboni. Kabla ya kukubali kuondolewa uvimbe huo, nilipima homoni ya AMH inayoonyesha akiba ya mayai. Ukuta wa uvimbe unapobanduliwa huweza kutoka na tishu yenye mayai, kwa hiyo akiba ikiwa ndogo, muulize daktari kama mayai yavunwe kwanza. Mume wangu naye alipimwa mbegu wiki ile ile. Endometriosisi ya mke haimaanishi mume yuko salama.

Sindano za kukuza mayai nilijichoma mwenyewe siku 10, kila saa 2 usiku. Dawa yangu ilikuwa ya unga. Maji yake huingizwa polepole yakiteremkia ukutani mwa kichupa, kisha kichupa kinazungushwa kati ya viganja. Ukikitikisa kinafanya povu, na povu hubaki na sehemu ya dozi. Sindano nene ya kuchanganyia naibadilisha kwa nyembamba, nagonga bomba kwa ukucha hadi mapovu yapande, ndipo natoa hewa. Spiriti naiacha ikauke, la sivyo inawasha. Nafinya ngozi ya tumbo, vidole vitatu kutoka kitovuni, leo kulia, kesho kushoto, na nahesabu hadi 10 kabla ya kuchomoa.

Sindano ya mwisho, ya kukomaza mayai, ndiyo ya kuogopwa. Mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baada yake. Ukichelewa kuchoma, hukutwa machanga. Ukiwahi mno, yanaweza kutoka yenyewe kabla ya kuvunwa. Kwangu uvunaji ulikuwa Jumatano saa 3 asubuhi, kwa hiyo nilichoma Jumatatu saa 3 usiku, simu mbili zikiwa na kengele. Ukikosea saa, mpigie nesi usiku huo huo, usifiche.

Baada ya kuvuna nilipanda mizani kila asubuhi. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 1 kwa siku, tumbo likikaza, mkojo ukipungua au pumzi ikibana, ovari huenda zimechochewa kupita kiasi: nenda hospitali. Mwenye uvimbe wa endometriosisi aiangalie na homa, kwani usaha unaweza kutunga ndani yake.

Kipimo cha mimba cha mkojo nilikiacha. Sindano yangu ya kukomaza ilikuwa hCG, homoni ile ile ya mimba, na huweza kuleta mistari miwili hata siku 10 baadaye bila mimba yoyote. Nilisubiri cha damu.