Dada Yuko Shimoni

Ya baharini sitayasema. Nilitapika kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, basi. Chake nikapanda gari ya Konde, na Konde nikachukua bodaboda iliyopita chini ya miti ya Ngezi mpaka Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa na Waingereza mwaka 1900.

Chini ya mnara alikuwepo mzee akishona nyavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Unguja, mjini."

"Na wazee wako?"

Nikataja Chwale. Uso ukamfunguka. "Ah! Kumbe umekuja kwenu." Mfukoni nilikuwa na vitambulisho viwili, cha Mzanzibari na cha taifa. Kwake havikuwa na kazi.

Dada yake yuko Shimoni, pwani ya Kenya, ng'ambo ya mkondo. Alimfuata mumewe dago, kwenye kambi ya wavuvi, kusi likawapeleka, kaskazi likaja na kupita wala wasirudi. Enzi za wazazi wao pwani ile ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Mwingereza ndiye aliyeiendesha. Oktoba 1963 Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, na Jomo Kenyatta, wa Kenya, waliandikiana kwamba ukanda ule uwe wa Kenya, na kuvuka kwenda kuvua kukawa kwenda ugenini. Mwaka 2001 wengine walivuka kukimbia vurugu za siasa. Hilo mzee alilipita haraka, nami sikumshikilia.

Dada aliishi miaka bila karatasi. Askari akionekana, yeye huingia ndani. Mpaka mwaka 2023, Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa moja ya jamii zake.

"Alinipigia simu analia. Nikamuuliza, sasa wewe Mkenya? Akanambia, kaka, mie Mpemba, ila sasa serikali inajua."

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huku kwetu Pemba ni kisiwa. Hakuna kadi inayokuandika Mpemba, na ukiitwa hivyo mjini Unguja mara nyingi ni kwa utani, mara nyingine si utani. Yeye amelazimika kuhama Pemba ndipo Upemba umpe uraia, na uraia wenyewe wa nchi nyingine.

Kuna harusi Msuka mwezi ujao. Dada anakuja, na safari hii atagongewa muhuri wa mgeni.

"Mgeni!" Mzee alikata uzi kwa meno. "Kitanda chake nimekianika juzi, kilikuwa na kunguni."