Ninavyousoma wembe wa zamani kabla ya kuusafisha

Nyembe nyingi za kale huharibiwa saa ya kwanza baada ya kununuliwa. Mtu anaona kutu, anachukua msasa na siki, na kabla ya adhuhuri tarehe ya wembe imeondoka pamoja na kutu. Wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, hubeba historia yake juu ya chuma: mihuri midogo shinani, na pengine maandishi ya rangi ya dhahabu ubapani ambayo dawa ya kung'arishia shaba huyafuta kwa kusugua mara mbili tatu. Kwa hivyo wembe ukinifikia, uwe umetoka Mji wa Kale au Kongowea, hapa Mombasa, hauguswi na kitu ila kitambaa kikavu mpaka niumalize kuusoma.

Nahitaji kioo cha kukuzia mara 10, kalipa (kifaa cha kupimia upana na unene) na tochi. Tochi nailaza ubavu, mwanga upite juu ya chuma badala ya kukipiga usoni. Muhuri uliofifia hujitokeza kwa vivuli vyake.

Tuchukue wembe wa Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Shinani, sehemu iliyo kati ya bapa na msumari wa mpini, kuna nyota na msalaba, alama ya kampuni hiyo. Pana pia maneno CUTLERS TO HER MAJESTY, na kwa wembe wa umbo hili malkia huyo ni Victoria, aliyetawala 1837 hadi 1901. Chini yake limepigwa neno ENGLAND. Sheria ya ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ililazimisha bidhaa zinazoingia Marekani zionyeshe nchi zilikotoka, na viwanda vya Sheffield vilivyouza huko vikaanza kulipiga jina hilo. Ukiyaweka mawili hayo pamoja, wembe huenda ni wa muongo wa 1890. Lakini neno hilo lisipokuwepo, usikimbilie kusema wembe ni wa kabla ya 1890, maana mali isiyokwenda Marekani haikubanwa na sheria hiyo. Mimi huandika "huenda" daftarini mpaka umbo likubaliane na muhuri.

Na umbo husema mengi. Nyembe za kabla ya 1800 hivi hazina mkia, au zina kijishina kifupi tu nyuma ya msumari. Mkia mrefu uliopinda ulikuja baadaye. Bapa nene kama kabari ni la zamani zaidi kuliko bapa lililochimbwa pande zote mbili hadi likawa jembamba, kazi iliyoupa mji wa Solingen, Ujerumani, sifa kubwa mwishoni mwa karne ya 19. Ukikuta taji lenye herufi G R, W R au V R, hao ni wafalme George, William na malkia Victoria. William alitawala 1830 hadi 1837 tu, kwa hivyo W R hukupa miaka saba pekee.

Mpini unataka uangalifu wa aina nyingine. Usugue kwa kidole gumba mpaka upate joto, kisha unuse. Ukinusa kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1870. Usijaribu sindano ya moto, kwani seluloidi hushika moto kwa kasi ya kutisha. Ikizeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma, ndipo unaona bapa lina kutu pale tu linapolala ndani ya mpini. Wembe wa namna hiyo usiuweke kisanduku kimoja na wenzake. Pembe ya nyati hupasuka ikikauka na hutobolewa na wadudu. Mfupa una vitone vyeusi. Pembe ya ndovu ina mistari inayokatizana kama wavu pale ilipokatwa. Pembe ya ndovu na gamba la ng'amba mimi sivigusi wala sivinunui. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inakataza kumiliki nyara za wanyamapori bila kibali, na uzee wa wembe si kibali.

Kisha napima. Upana wa bapa kisiginoni (mwisho ulio karibu na shina) na nchani ukitofautiana kwa zaidi ya milimita moja au mbili, mara nyingi umenolewa vibaya kwa miaka. Mgongo uliolika ukawa tambarare na mpana ni dalili ileile. Mwisho nautafuta ufa: naukuna ukingo polepole juu ya ukucha na kuangalia kwa kioo. Ufa makalini hauponi, na vishimo vya kutu vilivyofika makalini vitamegeka jiweni. Wembe huo unafaa kuwekwa tu, usinolewe.

Sasa ndipo nasafisha. Bapa nalilaza juu ya kipande cha mbao lisipinde, natia mafuta ya cherehani, nasugua kwa pamba ya chuma namba 0000 kutoka mgongoni kuelekea makalini, kidole kisipite kamwe sambamba na ukingo. Kutu jekundu ndilo linalotakiwa kuondoka. Weusi uliotulia nauacha, unakilinda chuma. Mashine ya kung'arisha ya fundi siipeleki karibu: bapa ni jembamba, joto hupanda kwa sekunde, na likishaonyesha rangi ya kahawia au bluu ugumu wake umepotea. Spiriti ni nzuri kwa chuma, lakini isifike kwenye seluloidi.

Kunoa ni kwa wembe mzima tu. Mgongo na makali vyote vilale jiweni, maana unene wa mgongo ndio unaoamua pembe ya makali: bapa la milimita 19 lenye mgongo wa milimita 5.5 hutoa karibu digrii 16.6. Naanza jiwe la namba 1000, kisha 4000, kisha 8000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), halafu mkanda wa ngozi. Siongezi nguvu ya mkono. Uzito wa wembe unatosha.

Hewa yetu ya chumvi ndiyo adui anayerudi kila siku. Tone mbili za mafuta ya cherehani bapani, na tone moja msumarini, kwa sababu kutu huanzia pale usipopaona. Mafuta ya nazi huchacha na kunata. Ala ya ngozi hushika unyevu, kwa hivyo wembe hukaa kwenye kopo na vifuko vya kunyonya unyevu, na kisanduku chake cha asili hukaa pembeni. Wakati wa masika nafungua kopo kila baada ya wiki mbili; kaskazi ikivuma, mara moja kwa mwezi.