1598, na kidole hakibonyezi

Wacheza chesi wa kwenye simu mtanielewa. Reitingi yako, ile namba ya kiwango inayopanda ukishinda na kushuka ukifungwa, inafika pale haijawahi kufika, mie ilikuwa 1598 kwenye Lichess, programu ya kuchezea chesi mtandaoni, pointi mbili tu niione 1600, basi badala ya kufurahi ndo unaganda. Unafungua programu, unaitazama namba, unafunga. Unafanya mafumbo, unatazama mechi za watu, kila kitu isipokuwa kucheza mwenyewe, na siku ukijilazimisha ukabonyeza moyo unakwenda mbio utadhani unasubiri matokeo ya mtihani, kumbe ni mechi ya dakika tano na mtu wa Brazil usomjua wala hatokaa akujue.

Jioni moja nipo Jaws Corner, kile kijiwe cha kahawa cha Mji Mkongwe Zanzibar, na kahawa yangu, wengine wanapiga dhumna, na mzee mmoja anaengoja zamu yake ya bao kaniona navofungua simu na kuifunga.

"Mbona huchezi mwanangu?"

"Nikifungwa ntashuka, ami."

"Utashuka wapi?"

Nikamuonesha. Akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akaitazama weee, akanambia "na hii anaijua nani zaidi yako?" Jibu sikuwa nalo. Zamu yake ikafika, akafungwa vibaya sana, mstari wa mbele mtupu hauna hata kete moja, watu wanamcheka mpaka muuza kahawa, na yeye keshaanza kupanga kete upya huku anatukana kwa utani. Na msidhani pale hakuna hesabu, ipo, kila anaekaa pale anajua nani fundi na nani anabahatisha, ila fundi akifungwa leo kesho bado fundi. Sie wa simu tukifungwa mechi moja tunajiona tumevuliwa cheo.

Ule ushauri wa "usiijali namba" mie naona maneno matupu, mtu mwenye hofu humwambii asihofu akaacha. Kilichonisaidia ni kujua namba yenyewe inapatikana vipi. Mfumo huu wa pointi umetokana na Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, waliuchukua mwaka 1970. Elo mwenyewe alisema kupima kiwango cha mchezaji ni kama kupima mahali kilipo kizibo kinachoelea juu ya maji, kinapanda kinashuka, na rula yako imefungwa kwenye kamba inayoyumba na upepo. Aliebuni kipimo ndo anasema hivo!

Lichess wao wanatumia Glicko-2, mfumo mwengine wa pointi uliotoka kwa Mark Glickman, na humo namba haikai peke yake, ina mwenzake anaeonesha mashaka ni makubwa kiasi gani. Ingia kwenye ukurasa wa takwimu zako utamuona. Tuseme wako ni 45, ambao ni mdogo, wa mtu anaecheza kila siku, basi mwenye 1600 mfumo unamuweka popote kati ya 1510 na 1690 kwa uhakika wa asilimia 95. Sasa nambie, mie na zile pointi mbili zangu nilikuwa nalinda nini? Mfumo wenyewe haunijui mimi wa 1598 na yule wa 1605 nani zaidi.

Na kufungwa mfululizo nako kuna hesabu yake. Ukicheza na mtu wa kiwango chako, nusu kwa nusu, kufungwa mara tano kwa mpigo ni nafasi moja kwa 32, kwa hiyo anaecheza mechi mia na zaidi asishangae ikimkuta, hajarogwa. Wengine wanakimbilia kucheza na wadogo ili wasishuke, nako hakuna raha, ukimzidi mtu pointi 200 mfumo unakutegemea upate kama robo tatu ya pointi zote, yani mchukue mechi tatu kati ya nne ndo ubaki palepale ulipo.

Sasa hivi kwenye mipangilio nimezima reitingi zisioneshwe, yangu wala ya mpinzani. Mwanzo ilinikera, nikawa nakisia huyu mkubwa huyu mdogo kwa namna anavotoa farasi, baadae nikajikuta naitazama bodi. Nikifungwa mbili mfululizo natoka, hasa usiku, mana za usiku ndo zile unazirudisha pointi kwa hasira mpaka unamtoa malkia bure. Na siku mtandao unasuasua au bando linakaribia kuisha nacheza zile zisizohesabiwa, kwa sababu kushindwa na saa huku simu inazunguka tu ni dhulma wallahi.

Hofu haijaisha yote. Mashindano ya arena bado yananitoa jasho, na kuna siku nimechungulia ile namba, sikwambieni ilikuwa ngapi. Ijumaa baada ya sala huwa napiga za dakika kumi, kama na wewe umeificha yako nitafute tupige, asieficha nae karibu, ila asinambie.